Sura ya Sita: Nyama Iliyoliwa Mwenyewe Hayupo

Mtengenezaji nywele mmoja wa Tokyo alipewa zawadi na mteja wake: nyama ya ng'ombe ya daraja la juu, ile ya Kijapani ambayo mafuta yake yamejipenyeza katikati ya mnofu na bei yake humfanya mtu apige mahesabu kwanza. Akaiweka kwenye friji ya nyumba aliyokuwa akiishi na wenzake watano, akingoja siku nzuri ya kuila. Siku hiyo haikufika. Wenzake waliitoa yeye hayupo, wakaipika, wakaila, na mpenzi wake alikuwa miongoni mwa walaji. Aliporudi alikasirika. Hakuvunja sahani wala hakuinua mkono. Alisema maneno machache yaliyochoma, akanuna, na mpenzi wake akalia.

Kisa chenyewe ni hicho tu. Hata hivyo, yeyote aliyeifuatilia Terrace House, kipindi cha Kijapani kuhusu vijana sita wanaoishi nyumba moja, anakikumbuka kisa cha nyama, na wengi bado wana upande wao. Wapo wanaosema kitu kikishaingia kwenye friji ya wote, kimekuwa cha wote. Wapo wanaouliza mpenzi wake alikuwa na kazi gani pale kama si kumsemea. Na wapo wanaoona kwamba kijana hakuudhiwa na nyama hata kidogo, aliudhiwa na kugundua kuwa katika nyumba nzima hakuna aliyeuliza, "Na yeye je?"

Televisheni ya maisha halisi ilikuwa imeshatumia miaka mingi kutafuta vifijo, machozi na ngumi. Ilikuwaje basi watu wa mabara mbalimbali, wengi wao hawajui neno la Kijapani, wakae kimya kutazama watu wakipika, wakiosha vyombo na kuulizana habari za kazi? Jibu la haraka ni kwamba walichoshwa na kelele. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi, maana kutazama ukuta nako hakuna kelele na hakuna anayekulipia.

Nyumba, gari, na basi

Terrace House ilianza Oktoba 2012 katika kituo cha Fuji TV. Nyumba ya kwanza ilikuwa eneo la Shonan, pwani iliyo karibu na Tokyo ambako watu wa jiji huenda kuogelea na kuteleza juu ya mawimbi. Msimu huo uliendelea hadi Septemba 2014, ukafuatiwa na filamu mwaka 2015. Septemba mwaka huohuo Netflix ilianza kutoa huduma nchini Japani na ikaja na msimu mpya wa nyumba iliyokuwa Tokyo. Hapo ndipo kipindi kilipovuka mipaka. Baadaye kilihamia Hawaii, kisha Karuizawa, mji wa milimani katika mkoa wa Nagano, halafu kikarudi Tokyo mwaka 2019.

Utaratibu wake unaelezeka kwa pumzi moja. Wanaume watatu na wanawake watatu wasiojuana wanapewa nyumba nzuri na gari. Kila sehemu inapoanza, mtangazaji anayejulikana kwa jina la YOU huwakumbusha watazamaji kwamba hakuna skripti. Wanaume wanalala chumba chao, wanawake chao. Asubuhi kila mtu anakwenda kazini au chuoni, jioni anarudi. Simu wanazo, ndugu na marafiki wanawatembelea, na mlango haufungwi kwa nje. Anayeona muda wake umefika huwaambia wenzake, hupangiwa chakula cha kuagana, huondoka, na mtu mwingine wa jinsia yake hurithi kitanda. Hakuna kura, hakuna mshindi, hakuna kitita.

Afrika Mashariki tuliingia katika televisheni ya namna hii kwa mlango mwingine. Big Brother, iliyozaliwa Uholanzi mwaka 1999, ilipata toleo la Afrika mwaka 2003, na Watanzania wawili waliwahi kulitwaa taji lake: Richard Bezuidenhout mwaka 2007 na Idris Sultan mwaka 2014, huyu wa pili akiondoka na dola 300,000. Katika mchezo ule washiriki wamefungiwa. Hawana simu, hawana kazi ya kwenda, hawana pa kukimbilia wanapochokana, na mara kwa mara mmoja wao anatolewa. Mazingira yenyewe yamepangwa ili watu wachokozane. Mtayarishaji akishafunga mlango, kazi yake kubwa ni kusubiri.

Terrace House iliondoa ufunguo, fedha na kura, ikabaki na jambo ambalo kila aliyewahi kupanga chumba na wenzake analijua: vyombo vya kabati moja havikosi kugongana. Huna haja ya kulitikisa kabati. Weka kamera, uvumilie.

Ukimya una wapishi wake

Uvumilivu huo lakini haukuja wenyewe. Utulivu wa kipindi hiki ulitengenezwa kwa makusudi, na uamuzi mkubwa kuliko yote ulikuwa kumnyima mshiriki nafasi ya kujieleza. Katika vipindi vingi vya maisha halisi, mshiriki huketishwa peke yake mbele ya kamera akasimulia alichokuwa akikifikiri: pale nilijua ananidanganya, pale moyo uliniuma. Mtazamaji anatafuniwa, kazi yake kumeza. Terrace House haina kikao hicho. Kama binti ameudhika, utajua kwa jinsi anavyojibu "sawa" na kuinuka mezani, au utasubiri mpaka usiku, taa zikiwa zimepunguzwa, amwambie mwenzake wa chumba kimoja. Huenda asimwambie mtu. Basi itabidi ubaki na dhana yako, na dhana ndiyo inayokurudisha wiki ijayo.

Uamuzi mwingine ulihusu muda. Watu wawili wakiwa ndani ya gari na mazungumzo yakawaishia, wahariri hawakimbilii muziki kuziba pengo. Wanaliacha. Kamera iko mbali kidogo, imetulia, picha imepangwa kwa uangalifu kama ya filamu, na wewe unayetazama unaanza kuona aibu kwa niaba yao. Kadiri pengo linavyorefuka ndivyo unavyosogea mbele kwenye kiti.

Halafu kuna maudhui. Baada ya "unampenda nani", swali linaloulizwa sana kwenye meza ile ni "unafanya nini na maisha yako?" Wakazi wengi ni vijana walio mlangoni mwa kitu fulani: mwanamitindo anayetafuta kazi kubwa zaidi, mwanamuziki, mwanafunzi. Karuizawa palikuwa na mwanamke mcheza hoki ya barafu. Msimu wa Tokyo wa 2019 ulikuwa na Mwitaliano aliyehamia Japani akiwa na nia ya kuwa mchoraji wa manga, na kazi yake ikachapishwa kweli. Wakazi husutana kwa uvivu na kufurahia hatua za wenzao, na mtu anayejikokota bila lengo huulizwa maswali magumu kwa sauti ya upole inayouma kuliko ukali. Msimu huohuo wa 2019 alikuwamo kijana wa miaka 20 ambaye hakuwa amejijua bado. Siku alipojaribu kupika tambi na brokoli, akaonyesha wazi kwamba jikoni hapamjui, tambi zile zikawa gumzo kana kwamba ni habari ya kitaifa. Watu walicheka, lakini walichokuwa wakikiona ndani ya sufuria ni kijana anayejaribu, peke yake, kuwa mtu mzima.

Mapenzi nayo yana utaratibu unaofaa sana kwa televisheni ya namna hii. Nchini Japani ni desturi kwamba watu hawahesabiki kuwa wapenzi mpaka mmoja atamke wazi kuwa anampenda mwenzake na kumwomba wawe pamoja, na mwenzake ajibu. Kabla ya hapo mnaweza kwenda sinema, kula pamoja, hata kusafiri, na bado hakuna kitu. Kwa hiyo kila matembezi yana swali moja linaloning'inia juu yake: atasema leo? Mkono unaosogezwa karibu na mkono mwingine unakuwa tukio. Mtazamaji aliyezoea kuona watu wakivuana nguo katika dakika ya kumi anajikuta ameshika mto kifuani kwa sababu mtu amekubali mwaliko wa chakula cha jioni.

Hapo ndipo siri ya kwanza ilipo. Drama haikuondolewa, kipimo chake kilibadilishwa. Kelele zikishatoka, macho yanazoea vitu vidogo, na vitu vidogo vinapata uzito ule ule ambao vipindi vingine huutafuta kwa kurushiana glasi. Mtazamaji anajihisi mwerevu, maana yeye ndiye aliyegundua kwamba kicheko kile hakikuwa cha furaha.

Baraza la studio

Hata hivyo mtazamaji hakuachwa peke yake na ugunduzi wake. Katikati ya kila sehemu picha inahama nyumbani na kwenda studio, ambako watu wanaojulikana nchini humo wamekaa kwenye kochi, wametazama kile ulichokitazama wewe, na sasa wanakijadili. Mbali na YOU, kwa miaka mingi walikuwapo Reina Triendl, Azusa Babazono na wachekeshaji Yoshimi Tokui na Ryota Yamasato; baadaye akajiunga mwigizaji kijana Shono Hayama. Televisheni ya Japani imezoea kumwonyesha mtazamaji watu wengine wakitazama. Fuji TV yenyewe ilikuwa na Ainori tangu 1999, iliyowazungusha vijana saba duniani katika gari la rangi ya waridi wakitafuta mapenzi, huku watangazaji studioni wakifuatilia safari yao na kutoa maoni.

Aliyekulia Mombasa, Lamu au Unguja atalitambua jopo hili bila kuelezwa. Ni baraza la nje ya nyumba jioni. Fulani anapita, kabeba mfuko, kavaa vizuri kuliko kawaida, na kabla hajakata kona watu wameshajua anakwenda wapi na kwa nani. Yupo bibi asiyeshtuka na lolote kwa kuwa ameona mengi: huyo ni YOU. Yupo anayeugeuza kila mkasa kuwa mzaha wa chumbani: huyo ni Tokui. Yupo kijana anayeona haya kusema anachokijua: Hayama. Na yupo mwenye ulimi wa wembe, asiyemwamini yeyote, hasa wanaume watanashati: Yamasato, ambaye watu wengi walisubiri sehemu nzima ili tu wamsikie.

Kazi ya baraza hili ni kubwa kuliko uchekeshaji. Joto lote lililoondolewa nyumbani limehamishiwa pale. Wakazi wanasemezana kwa adabu, jopo linasema bila adabu kile ambacho adabu imekificha. Pia linamfundisha mgeni kusoma. Mtazamaji wa Toronto au Nairobi asiyejua desturi za Kijapani huenda asione kosa katika namna kijana alivyokataa mwaliko. Jopo likishaguna, anarudi nyuma na kuliona. Baada ya misimu miwili anaguna kabla yao. Kujifunza huko kuona ni sehemu kubwa ya utamu, na ndiyo sababu watu hutazama kipindi hiki wakiwa wawili au watatu, rimoti mkononi, wakisimamisha picha ili wabishane.

Kuna mzunguko mwingine hapa. Sehemu zilitoka wiki kadhaa baada ya kurekodiwa, wakati baadhi ya wahusika bado wako ndani ya nyumba, na wao pia walizitazama. Aliyelalamika chumbani usiku alijua kwamba aliyelalamikiwa ataona, na atasikia baraza lilisema nini juu ya wote wawili. Wengine walijirekebisha, wengine wakaanza kuigiza wema. Wapo waliokuja wakiwa na macho kwenye umaarufu kuliko kwenye mapenzi, na jopo halikuchelewa kuwanusa. Kwa muda mrefu shaka hiyo haikuharibu kitu, iliongeza utamu. Nani mkweli, nani anatafuta jina? Tukaketi kuhukumu.

Vazi lililosinyaa

Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Januari 2020 nyumba ya Tokyo ilikuwa na mkazi aliyeitwa Hana Kimura, mpiganaji wa mieleka, binti wa Kyoko Kimura ambaye naye alikuwa mpiganaji mashuhuri. Siku moja Hana alisahau vazi lake la ulingoni ndani ya mashine ya kufulia. Mkazi mwenzake akafua na kukausha nguo zake pamoja nalo bila kuangalia, na likasinyaa. Lilikuwa vazi la thamani kubwa kwake. Alimfokea kijana yule, na katika hasira akaipiga kofia yake ikamtoka kichwani.

Ukilipima kwa mizani ya Big Brother, tukio hilo halifiki hata nusu ya ugomvi wa kawaida. Lakini watazamaji wa Terrace House walikuwa wamefundishwa kwa zaidi ya miaka saba kuona uzito katika vitu vidogo, na kofia iliyopigwa ilionekana kubwa mno. Sehemu hiyo ilitoka Netflix mwishoni mwa Machi 2020 na kurushwa na Fuji TV mwezi Mei, wakati watu wengi wamejifungia majumbani kwa sababu ya korona. Matusi yakamiminika kwenye akaunti zake za mitandao ya kijamii, mengine yakimwambia afe. Tarehe 23 Mei alijitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka 22. Siku chache baadaye kipindi kilifutwa.

Machi 2021 BPO, chombo kinachosimamia maadili ya utangazaji nchini Japani, kilisema kwamba haki za binadamu hazikukiukwa lakini kulikuwa na kasoro ya kimaadili, kwa kuwa hali ya akili ya mshiriki haikuangaliwa ipasavyo. Mahakamani, wanaume wawili waliomtukana walitozwa faini ya yeni 9,000 kila mmoja, kiasi kilichowashangaza hata watu wasiofuatilia televisheni. Mama yake alipaza sauti akitaka sheria ibadilishwe. Mwaka 2022 bunge lilifanya hivyo: adhabu ya kumtukana mtu hadharani, ambayo awali ilikuwa kizuizini kwa siku zisizofika 30 au faini isiyofika yeni 10,000, ikawa kifungo cha hadi mwaka mmoja au faini ya hadi yeni 300,000.

Ni rahisi kusema kwamba msiba ule ulifichua uongo wa kipindi, kwamba upole wake ulikuwa rangi ya juu tu. Mimi sioni hivyo. Upole wa meza ile ulikuwa wa kweli mara nyingi, na waliovutiwa nao hawakudanganyika. Kilichokosekana ni breki upande wetu. Baraza la mtaani lina breki zake: unayemsema leo utamkuta kesho dukani, utamsalimia, utakwenda kwenye msiba wake naye atakuja kwako. Ulimi unajua mahali pa kukomea kwa sababu wote mnaishi hapo. Jopo la studio lilikuwa na kiasi kidogo cha breki hiyo, kwa kuwa jina la msemaji liko kwenye skrini. Mtazamaji mwenye akaunti isiyo na jina hana hata kidogo. Amepewa jicho kali la mtu wa baraza bila ujirani wake.

Wanaoendelea kuketi mezani

Uchu wa televisheni tulivu haukuisha mwaka 2020. Mwaka 2024 Netflix ilitoa The Boyfriend, kipindi cha kwanza cha Kijapani cha aina hii kuhusu wanaume wanaotafuta wapenzi wa kiume: wanaume tisa katika nyumba ya pwani, wanaoendesha gari la kuuzia kahawa, na jopo la studioni likiwatazama, Tokui akiwemo. Mojawapo ya mijadala yake iliyokumbukwa ilihusu bajeti ya chakula. Mkazi mmoja anayejenga mwili alikula kuku wengi kuliko mfuko wa pamoja ulivyoweza kubeba, na wenzake wakaketi kutafuta namna ya kumwambia bila kumuumiza. Jopo la safari hii linaguna kwa huruma zaidi. Ulimi wa wembe umewekwa mbali, na kipindi hakijapungua ladha.

Hilo linatuonyesha utamu ulipokuwa tangu mwanzo. Tunapenda kuwatazama watu wakitafuta maneno ya kuambiana ukweli mdogo: nyama yangu mmeila, vyombo huoshi, nakupenda. Wengi wetu maneno hayo tunayameza mpaka yanageuka kinyongo, na ni faraja kumwona mtu akiyatoa, akitetemeka, na nyumba isibomoke. Mtu anayeishi peke yake katika chumba cha jiji kubwa anapata hapo meza ya kuketi na wengine. Anayeishi na watu wengi anapata mifano.

Lakini utamu huo una masharti yake, na hayamhusu mtayarishaji peke yake. Kituo cha televisheni kinaweza kuweka daktari wa akili, kupunguza makali ya uhariri, na kuchagua jopo lenye huruma. Kinaweza kuondoa kura, kitita na kufuli mlangoni. Hakiwezi kuhakikisha kwamba sisi tulio upande wa pili wa skrini tunakumbuka jambo ambalo kila mtu wa baraza analijua kabla hajafungua mdomo: anayesemwa anasikia.